Nyumba za ndege za udongo katika ukuta wa mawe: niliyojifunza Bagamoyo

Nyumba ya familia yetu, iliyo jirani na Mtaa wa India katika mji mkongwe wa Bagamoyo, ina ukuta wa mbele wenye safu ya matundu ambamo zamani ziliingia ncha za boriti za roshani. Roshani yenyewe ilianguka kabla sijazaliwa, boriti zikaishia jikoni, na matundu yakabaki wazi mpaka shomoro wakayafanya makazi. Tulipoanza kuukarabati ukuta huo, fundi mwashi alishauri matundu yote yazibwe kwa mawe na saruji, kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yakipenya humo na kulainisha kiini cha ukuta. Kuhusu maji alisema kweli tupu. Lakini mimi ni mfinyanzi wa vyungu na vyetezo, na niliona kwamba kila tundu lingeweza kupewa chombo cha udongo uliochomwa, chenye uso wa kukinga mvua na mlango wa ndege, ukuta ukapona bila shomoro kufukuzwa. Kazi niliyotazamia iishe kabla ya masika iliyavuka masika hayo na vuli iliyofuata, na ilikula fedha nyingi kuliko lipu ya ukuta mzima. Nayaeleza haya kwa ajili ya wafinyanzi na wenye nyumba za mawe wa pwani hii, kwa maana maswali ninayoulizwa na wapita njia yananionyesha kuwa wapo wengine wanaotaka kujaribu.

Kabla ya kugusa udongo nilitumia muda mrefu kutazama picha na kusoma maelezo ya nyumba za ndege za nchi nyingine. Zinazosifiwa kuliko zote ni zile za Waturuki wa enzi ya Osmani, hasa mjini Istanbul, ambako mafundi waliziweka kwenye kuta za misikiti, madrasa na maktaba. Msikiti wa Yeni Valide ulioko Üsküdar, uliojengwa kati ya 1708 na 1710, una vijumba vya mawe vilivyochongwa mithili ya kasri, vyenye kuba na madirisha na minara midogo. Msikiti wa Ayazma, ulioko upande huohuo wa mji na uliojengwa nusu karne baadaye, unavyo pia. Mtu akiviona mara ya kwanza hudhani ni pambo tu. Akitulia ataona kwamba vimewekwa juu sana, mbali na mikono ya watu na kucha za paka, chini ya ukingo unaovikinga mvua, na upande wa jengo usiopigwa na upepo mkali. Fundi alimfikiria ndege kwanza, kasri ikafuata. Kwa bahati mbaya picha nyingi zinazosambaa huonyesha kijumba peke yake na kuuacha ukuta nje, na mfinyanzi anayejifunza kwa picha za namna hiyo atajifunza kuchonga minara bila kujua kwa nini ndege walikubali kukaa ndani yake.

Kundi la pili nililolitazama ni minara ya njiwa. Nchini Misri watu hujenga minara ya matofali ya udongo na kupachika ndani yake vyungu vilivyolazwa, njiwa wakapata mahali pa kuatamia. Mjini Isfahan, Iran, minara ya enzi ya ufalme wa Safavi ilikuwa ya matofali yenye vishubaka vingi mno upande wa ndani, na msafiri Mfaransa Jean Chardin, aliyekaa huko katika karne ya 17, alikadiria kuwa pembezoni mwa mji ilikuwapo minara zaidi ya 3,000. Huruma kwa ndege haikuwa sababu kuu. Kinyesi kilikusanywa na kupelekwa kwenye mashamba ya matikiti, na kule Misri makinda ya njiwa ni kitoweo mpaka leo. Nililitafakari jambo hili kwa makini kwa sababu jamaa zangu walinihimiza niweke njiwa, ndege ambaye kila mtu anajua kumfuga. Kinyesi hichohicho kinachostawisha shamba kina asidi inayoila chokaa, na ukuta wa mawe ya matumbawe kama wetu huinywa upesi. Njiwa apewe banda lake uani, au mnara wake kama mtu ana uwezo huo. Kwenye ukuta wa nyumba ninayotaka idumu, mpangaji ninayemkubali ni ndege mdogo.

Kundi la tatu ndilo lililonifaa zaidi, kwa kuwa lilikuwa kazi ya wafinyanzi wenzangu. Katika Uholanzi na Ubelgiji ya leo, kwa karne nyingi, vyungu vya udongo vyenye shingo fupi vilitundikwa ukutani ili kwezi wa huko wazalie humo. Nyuma ya chungu kulikuwa na tundu ambalo mwenye nyumba aliingiza mkono na kuchukua makinda ya kula. Mazoea ya aina hiyo yalivuka bahari, na huko Williamsburg, Virginia, wanaakiolojia wamefukua chupa za udongo za karne ya 18 zilizotengenezwa kwa kazi hii ya kukaribisha ndege. Sikuwa na nia ya kumla kinda wa mtu, lakini lile tundu la nyuma lilinipa jibu la swali ambalo wauzaji wengi wa vijumba vya mapambo hawajiulizi kabisa: chombo kisichofunguka kitasafishwaje? Kiota kikuukuu hujaa utitiri na viroboto, na ndege wanaorudi msimu unaofuata hukuta mahali hapafai.

Pwani yetu nayo ina historia yake ya kuoanisha chombo na ukuta wa chokaa, ingawa haikuwa kwa ajili ya ndege. Makaburi ya nguzo ya Waswahili wa kale, kama yale ya Kunduchi na ya Kaole iliyo kilomita chache kusini mwa mji wetu, yalipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China zilizopachikwa kwenye lipu. Nilikwenda magofuni kwa ajili ya kutazama namna zilivyoshikwa tu. Nilichokitambua ni kwamba chokaa hung'ang'ania udongo mkavu wenye ukwaru na huteleza kwenye uso unaong'aa kama kioo, na kwamba kitako cha bakuli, ambacho aghalabu huachwa bila kung'arishwa, ndicho kilichofanya kazi ya kushika. Vidaka, yaani vishubaka vya ndani ya kuta za nyumba yetu, vilinipa kipimo cha pili: mwashi wa zamani hakuutoboa ukuta ukatokea upande wa pili, bali alichukua sehemu ya unene wake na kuacha nyingine ibebe mzigo.

Nyumba iliyo ndani ya mji mkongwe haibadilishwi kiholela. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hata pale ambapo mtu ana hati ya nyumba mkononi, busara ni kupeleka michoro kwanza na kungoja. Nilingoja. Swali la kwanza nililoulizwa halikuhusu ndege hata kidogo. Lilihusu aina ya chokaa nitakayoitumia na kama chombo kitaweza kutolewa siku za usoni bila kuuvunja ukuta. Swali hilo liliubadilisha muundo mzima. Badala ya chungu kimoja kilichozikwa ukutani, nilichora chombo cha sehemu mbili: kwanza mtungi mfupi uliolazwa, unaoingia kwenye tundu la boriti na kubaki humo, kisha uso wa bapa wenye mlango wa ndege, unaofunika mdomo wa mtungi na kuzuiwa na kigingi cha mti. Anayetaka kusafisha huchomoa kigingi, huuondoa uso, na kuifikia kila pembe ya ndani. Nasisitiza kwamba hatukuchimba tundu jipya hata moja. Mwenye ukuta usio na matundu atundike chombo nje, chini ya upenu, aache mawe yalivyo.

Sasa udongo. Vyombo vya mwanzo nilivifinyanga kwa udongo uliochimbwa karibu na kijito kinachojazwa na maji ya bahari, kwa sababu ulikuwa karibu, ulikuwa na mnato mzuri, na gharama ya guta la kuubeba ilikuwa ndogo. Vilitoka motoni vikiwa vyekundu, vikilia vizuri vinapogongwa kwa kucha, na nilivipanga barazani kwa fahari. Baada ya siku chache vikaanza kubanduka. Vigamba vidogo viliruka vyenyewe, hata usiku, kila kimoja kikiacha kishimo chenye doa jeupe katikati, na zile nyuso nilizozichora kwa uangalifu mkubwa zikawa na sura ya mtu aliyeugua ndui. Nilikasirika kiasi cha kutotaka kuingia kwenye kibanda changu cha kazi.

Nilivichukua viwili nikampelekea bibi mmoja wa Kikwere, mfinyanzi wa miaka mingi anayeishi upande wa bonde la Ruvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huu udongo umeuchimba wapi?"

Nilipomweleza, alimega kigamba, akakitafuna kidogo kwa meno ya mbele, akakitema. "Huu una bahari ndani yake," alisema. "Ukiuchoma leo, utakucheka kesho kutwa."

Maneno yake yana maelezo ya kikemia yasiyo magumu. Udongo wa karibu na bahari huwa na chembe za kombe na matumbawe. Chembe hizo zikipata joto la nyuzi 800 za Selsiasi na kuendelea hugeuka kuwa chokaa isiyozimwa, ileile inayotoka kwenye tanuu la chokaa. Chungu kinapotolewa motoni hakuna dalili yoyote. Kisha chokaa hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Bagamoyo haina uhaba wa unyevu. Hufura, ikaisukuma ngozi ya chungu mpaka kigamba kinaruka. Anayetaka kujua kama udongo wake una tabia hiyo aukaushe, ausage, audondoshee siki au ndimu kali: ukitoa povu, kombe limo. Jaribio hilo halina gharama, na lifanywe kabla ya kukodi guta.

Nilidhani dawa ni kuchoma kwa moto mdogo usiofika joto hilo, na wapo wafinyanzi wanaofanya hivyo kwa vyungu vya kupikia bila taabu yoyote. Kwa chombo kinachokaa ukutani mita mia chache kutoka ufukweni, dawa hiyo huleta maradhi mengine. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo hubaki laini na hunywa maji sana; chumvi ya bahari huingia pamoja na unyevu, unyevu ukakauka, chumvi ikajikusanya kuwa fuwele ndani ya vitundu vya udongo, na fuwele hizo zinapokua huumenya uso wa chombo ukawa ungaunga. Ni ugonjwa uleule unaozila kuta za mji mkongwe. Moto mkubwa huamsha kombe, moto mdogo hukaribisha chumvi, na katikati hakuna nafasi kubwa ya kusimama.

Suluhisho lilikuwa kubadilisha udongo wenyewe. Bibi alinionyesha machimbo ya bara, mbali na maji ya chumvi, na tangu hapo kila udongo huuloweka kwenye pipa, nikaukoroga mpaka ukawa tope jepesi, nikaacha mchanga na vijiwe vizame, kisha nikalimimina tope la juu kupitia kitambaa cha kaniki. Tope hukaushwa juu ya magunia mpaka likashika. Huchanganywa na unga wa vigae, yaani vyungu vilivyovunjika vikapondwa na kuchekechwa, kwa kiasi cha sehemu moja ya vigae kwa sehemu nne au tano za udongo. Vigae hupunguza kunywea na hufungua njia ya mvuke kutoka. Vile vyombo vyangu vilivyobanduka sikuvitumia kwa kazi hiyo, kwa maana vingerudisha kombe mlemle nilimolitoa.

Kunywea ndiko kunakomsumbua anayejenga kwa vipimo. Udongo wangu, kutoka ubichi mpaka baada ya moto, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya urefu wake. Kwa mfinyanzi wa mitungi hilo si neno; kwa mlango wa ndege ni jambo la kufa na kupona. Shomoro hutosheka na mlango wa milimita 32, kwa hiyo kwenye udongo mbichi nilikata milimita 36. Kwezi, aliye mkubwa zaidi, huhitaji kama milimita 45, ambazo mbichi ni 50. Mlango ukizidi kidogo tu, kunguru ataingiza mdomo na kuchukua mayai. Na kunguru wetu hawa wenye asili ya India, walioingizwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kutapakaa pwani nzima, wana akili ya mwizi aliyesoma. Kwa sababu hiyohiyo kutoka ukingo wa chini wa mlango mpaka sakafuni nimeacha kina kirefu kadiri mtungi ulivyoruhusu. Kijiti cha kutulia mbele ya mlango, ambacho kila mteja hukipenda, sikiweki. Shomoro hakihitaji, ila kunguru na paka kinawafaa sana.

Ndani ya chombo pasilainishwe. Mkono wa mfinyanzi hauwezi kuacha mahali penye ukwaru, umezoea kusugua kwa kokoto mpaka kung'ae, lakini kinda anayejifunza kutoka huhitaji mahali pa kukita kucha. Nilichora mistari ya kina kwa kipande cha kifuu chini ya mlango, upande wa ndani, kama ngazi. Sakafu ina vitundu vya kutolea maji, nayo imeinamishwa kidogo kuelekea nje.

Kuhusu kukausha na kuchoma nitakuwa mfupi, kwa kuwa wafinyanzi wanajua na wasio wafinyanzi watahitaji mwalimu, si maandishi. Chombo chenye mdomo mdogo hukauka nje kikabaki na unyevu ndani, na unyevu huo ukigeuka mvuke ghafla hukipasua chombo kwa mlipuko. Wakati wa kusi, hewa ikiwa nzito, acha vyombo kivulini wiki mbili au tatu, vikiwa vimefunikwa nusu, kisha vipashe moto kwa moshi wa polepole nusu siku nzima kabla ya kuongeza kuni. Nilichoma shimoni kwa makumbi ya nazi, vifuu, makuti na matawi ya mikorosho yaliyopogolewa. Mikoko sikuigusa, na asiiguse mtu. Moto ulioiva husomwa jioni, giza linapoingia: vyombo vikionyesha wekundu wa damu huwa vinakaribia nyuzi 700, na vikigeukia machungwa vimezipita 800 kwa mbali. Mchana rangi hizo hazionekani, na vyombo vingi nilivyovichoma mchana vilitoka vibichi katikati.

Gharama ziligawanyika kwa namna ambayo sikuitazamia. Udongo wenyewe ulikuwa karibu bure; kuusafirisha kutoka bara kulinigharimu kuliko kuni. Kuni ziligharimu kuliko chokaa. Kilichozidi vyote ni malipo ya fundi mwashi na jukwaa la kupandia, ambalo lilisimama ukutani likilipiwa huku mimi nikingoja vyombo vikauke. Mtu atakayenifuata akamilishe vyombo vyote, avihesabu, avikague kwa mwezi mzima kama vinabanduka, ndipo aite jukwaa. Na achome vyombo vya akiba, angalau kimoja kwa kila vitatu anavyovihitaji, kwa sababu jukwaa likishaondoka halirudi kwa bei ileile.

Upachikaji ulileta mabishano makubwa baina yangu na fundi, mtu ninayemheshimu na ambaye kazi yake ya saruji inasimama mahali pengi mjini. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe. Huufungia ukuta maji na chumvi ndani, na panapotokea mkazo kinachovunjika ni jiwe au chombo, saruji yenyewe ikabaki. Chokaa ni laini kuliko vyote viwili, hupumua, na mtu akitaka kuitoa miaka ijayo ataikwangua kwa patasi bila kuumiza jiwe. Nilimwomba atumie chokaa iliyozimwa na kulowekwa shimoni majuma mengi, akaichanganya na mchanga wa bara uliooshwa chumvi. Alilalamika kwamba haikauki. Kweli ilikawia, tukaifunika kwa magunia yenye maji ili isipasuke kwa jua, na kazi ya siku moja ikatuchukua wiki. Mitungi nilikuwa nimeichora mikwaruzo mingi upande wa nje kwa gunzi la mahindi, kwa kumbukumbu ya vile vitako vya Kaole, na mpaka sasa hakuna uliopwaya. Uso wa mbele tuliuacha bila chokaa, ukashikwa na kigingi peke yake.

Ukuta wetu wa mbele unatazama kaskazini mashariki. Asubuhi hupata jua, kisha kivuli cha jengo lenyewe huufunika kuanzia adhuhuri, na jambo hilo ni la thamani kuliko nilivyojua. Chombo nilichokitundika kwa majaribio kwenye ukuta wa magharibi wa jiko, nje kabisa, bila upenu, kilikuwa hakishikiki saa tisa alasiri. Udongo usiong'arishwa hutoa unyevu na kupoa kama mtungi wa maji wa nyumbani, lakini hauwezi kulishinda jua la kaskazi la Januari. Kinda angeokwa humo. Kile kilichozikwa ndani ya ukuta mnene hubaki baridi mchana wote, kwa kuwa jiwe na chokaa humeza joto kabla halijafika. Hii ndiyo sababu nawashauri wenye nyumba za mawe wayatumie matundu ya boriti na wasinunue vijumba vya kuning'iniza mitini.

Mpangaji wa kwanza hakuwa ndege. Mtungi mmoja, ambao niliutengeneza mkubwa kwa kuwa tundu lake lilikuwa pana, ulivamiwa na nyuki, na kwa siku kadhaa watoto wa jirani walizuiwa kupita mbele ya nyumba. Tulimwita mrina asali usiku, akawahamisha kwa moshi, akachukua na ujira wake wa asali. Nafasi kubwa ndani huwavutia nyuki. Mtungi wenye kipenyo cha ndani cha sentimita 13 hadi 15 huwatosha kabisa shomoro, na nyuki hauwavutii sana. Tundu lile pana tulilijaza mawe na chokaa kwa nyuma, kisha tukaingiza mtungi mdogo. Shomoro walikuja baada ya masika, jozi moja, kisha nyingine kwenye tundu la pili yake, kwa maana ni ndege wanaopenda ujirani na safu ya boriti iliwafaa. Matundu ya kwezi bado ni matupu. Baina ya msimu mmoja na mwingine, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna yai wala kinda, nachomoa vigingi, nakung'uta nyasi, namimina maji ya moto bila sabuni, nakausha na kufunga. Mdomo na pua nimevifunika kwa kitambaa, kwa sababu vumbi la kinyesi cha ndege si la kuvuta.

Lililobaki ni pambo, na nililiacha mwisho makusudi. Baada ya uso kulazimika kuwa bapa, mlango kuwa wa kipimo fulani na juu kuwa na ukingo wa kukinga mvua, mfinyanzi hubakiwa na eneo dogo la kufanyia anachotaka, na udogo huo ulinisaidia. Nilimfikiria Ladi Kwali wa Nigeria, ambaye mitungi yake ilichorwa mijusi na ndege kwa mistari ya kukwaruza, mistari ikifuata tumbo la chungu bila kupingana nalo. Sura yake imo kwenye noti ya naira 20. Nilimfikiria pia Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye huvijenga vyombo vyake kwa mkono na kuving'arisha kwa kusugua, rangi ikatoka motoni na kwenye moshi, bila kupakwa kioo chochote, yaani ule utando unaong'aa kama wa bakuli za kaure. Kwa wote wawili umbo ndilo linalosema kwanza. Nyuso zangu nilizichonga minyororo na maua ya aina inayoonekana kwenye miimo ya milango ya mji mkongwe, kina kifupi, ili maji yasituame kwenye mchongo. Zilizochomwa mwishoni niliziweka zikiwa moto kwenye pumba za mpunga, zikashika weusi wa moshi upande mmoja. Shomoro hawajali. Wapita njia husimama.

Kutokana na hao wapita njia, hoteli moja ya ufukweni imeniomba nyumba za ndege kwa ajili ya ukuta wa mgahawa wake, ikitaka ziwe na rangi ya buluu inayong'aa kama kioo, zenye kuba, na kila moja na kijiti mbele ya mlango. Nimewajibu kwamba kuba naweza, nje tu, mradi iwe ya kukinga mvua, rangi ya kioo naweza upande wa mbele, lakini ndani na nyuma ubaki udongo mtupu, kijiti sitaweka. Nimewaambia pia kwamba ukuta wao unatazama magharibi na umepigwa saruji, kwa hiyo nyumba hizo zitawekwa chini ya upenu wa makuti ulio upande wa pili, na malipo ya nusu yatatangulia ili nikodi guta la udongo wa bara. Meneja amekubali upenu, bado anakitetea kijiti.